Panya wa mkia uliojipinda na vidonge vya foliki asidi

Hivi karibuni niliulizwa swali lililoniuma. Dada mmoja hapa Uingereza alimeza vidonge vya foliki asidi kama alivyoelekezwa, na bado skani ikaonyesha mtoto ana mgongo wazi. "Dada nesi, nilikosea wapi?" Sehemu ya jibu iko kwa panya. Msicheke, nisomeni kwanza.

Mwaka 1954 mwanasayansi Hans Grüneberg wa London alieleza juu ya ukoo wa panya wadogo wa maabara wenye mikia iliyojipinda. Wana hitilafu ya kurithi. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utando bapa, ambao hujikunja kama mkeka mpaka kingo zishikane na kuwa mrija. Juu huwa ubongo, chini huwa uti wa mgongo. Kwa baadhi ya panya hawa mrija haufungi. Ukibaki wazi chini, ni mgongo wazi. Ukibaki wazi juu, ubongo na fuvu haviumbiki sawasawa, na mtoto wa namna hiyo haishi.

Kwa binadamu mrija hufungwa ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Hesabu mwenyewe: hapo siku zako zimechelewa wiki mbili tu, pengine hata hujapima. Ukija kliniki na mimba ya miezi mitatu, kama tulivyozoea nyumbani, kazi hiyo imekwisha zamani.

Sasa, wapo panya wengine wenye kasoro kwenye jeni iitwayo Pax3. Mama zao wakipewa foliki asidi, watoto wenye kasoro hupungua. Lakini panya wa mkia uliojipinda foliki haiwasaidii! Mwaka 1997 Nicholas Greene na Andrew Copp walionyesha kwamba hao husaidiwa na kitu kingine, inositoli. (Usikimbilie kuinunua, kwa binadamu imejaribiwa kwa wachache tu.) Yaani mrija hushindwa kufunga kwa sababu zaidi ya moja, na kidonge kimoja hakizibi zote. Dada yangu, hukukosea.

Ila asiniambie mtu kwamba basi vidonge ni bure. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1991, katika nchi 7, kwa akina mama waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hili, ulionyesha foliki asidi ilipunguza kurudia kwake kwa asilimia 72. Asilimia 72, si 100.

Hapa Uingereza ushauri ni mikrogramu 400 kila siku, tangu kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Usiongeze kwa kumeza multivitamini nyingi, vitamini A ikizidi humdhuru mtoto. Wenye kisukari, sikoseli, dawa za kifafa, au historia ya tatizo hili kwa mke au mume, huhitaji miligramu 5, na hiyo huandikwa na daktari. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti huongeza hatari hii. Usiiache ghafla, zungumza na daktari kwanza, mapema.

Yule dada anataka kujaribu tena. Nimemwambia aende kwa GP yeye na mumewe kabla hawajaanza, na aitaje ile miligramu 5 kwa jina.