Mbwa ana mipaka yake, mfundishe mwanao kuitambua

Sumbawanga. Asubuhi ya baridi katika mitaa ya Mazwi au Majengo, mbwa hunusa nguzo ya umeme, hunyanyua mguu, hukojoa kidogo na kuendelea na safari. Hatua chache mbele hufanya hivyo tena. Mzazi anayempeleka mtoto shule huona uchafu tu. Kumbe mbwa huyo anasoma taarifa na kuacha yake: nani kapita, ni dume au jike, na eneo hili lina mwenyewe.

Tabia hiyo ni ya ukoo. Mbwa mwitu, wale wenye madoadoa na masikio ya mviringo wanaoishi katika hifadhi kama Ruaha na Nyerere, huishi kwa makundi na huzunguka eneo la mamia ya kilomita za mraba. Ndani ya kundi si kila mmoja anaweka alama. Kazi hiyo hufanywa zaidi na dume na jike wanaoongoza. Jike akikojoa, dume hukojoa juu yake, kama vile wanatia saini mbili kwenye karatasi moja. Nchini Botswana, watafiti wamejaribu hata kutumia harufu ya kundi geni kuwazuia mbwa mwitu wasivuke kwenda kwenye mifugo.

Kwenye nyanda za Ufipa, zilizojaa mashamba ya mahindi na maharage, mtoto anayechunga ng'ombe ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana na bweha. Huyo naye huweka alama, dume na jike wake wakilinda eneo pamoja. (Fisi ana ukoo wake, ingawa wengi humweka kundi moja na mbwa.)

Kwa mzazi, jambo la kushika ni hili: mbwa huwa mkali zaidi pale anapoamini ni pake. Getini, karibu na chakula chake, karibu na watoto wake. Mtoto anayekatiza uani kwa jirani ili awahi shule anavuka mpaka ambao yeye hauoni. Afundishwe kupita mbali, kutomkodolea macho mbwa, na kutokimbia. Asimame, mikono ikae chini, kisha arudi nyuma taratibu.

Mbwa mwenye kichaa hufanya kinyume. Anaweza kuacha eneo lake, kuzurura mbali na kuuma bila kuchokozwa. Hata hivyo, mzazi asijidanganye kwamba mbwa wa nyumbani aliyeuma getini kwake ni salama. Kila aliyeng'atwa aonwe na mtaalamu wa afya.

Kichaa cha mbwa hakiambukizwi kwa mkojo, bali kwa mate, kupitia jeraha, mkwaruzo au utando laini wa macho na mdomo. Mkojo una hatari nyingine: mbwa, kama panya na ng'ombe, anaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa uliotikisa Mkoa wa Lindi mwaka 2022. Mtoto avae viatu, asichezee madimbwi, anawe mikono.

Akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Lisipakwe majivu wala mafuta ya taa. Kisha aende kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuona kama mbwa atakufa. Chanjo hutolewa kwa awamu, na awamu zote zikamilishwe hata kama kidonda kimepona. Dalili huchukua kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu kujitokeza, na zikishaanza, karibu wagonjwa wote hufariki. Shirika la Afya Duniani linasema takribani asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15.

Ugonjwa huu hauchagui. Serengeti, mwaka 1990 ulithibitishwa miongoni mwa mbwa mwitu, na 1991 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti yakatoweka. Sababu kamili bado inabishaniwa.

Mtaani, kinga kubwa ni kuchanja mbwa. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika, na hesabu hiyo inajumuisha hata yule mbwa wa shambani ambaye familia humkumbuka wakati wa mavuno tu.