Mafuta ya Taa kwenye Chupa ya Maji

Mafuta ya taa ya rejareja hupimwa tu. Chombo ni juu ya mnunuzi. Ndiyo maana nyumba nyingi zinayaweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, chini kabisa, karibu na jiko. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye kiu hasomi lebo wala hajali harufu. Anaijua ile chupa na anajua inafunguliwaje.

Bahati nzuri, ladha humfanya aache baada ya funda moja au mawili. Bahati mbaya, funda moja linatosha kumuua, na si kwa njia ambayo wazazi wengi wanaidhania. Tumbo halifyonzi mafuta ya taa kwa wingi. Kinachoumia ni mapafu. Mafuta haya ni mepesi mno, hivyo matone machache yakipalia hutambaa haraka hadi kwenye vifuko vya hewa na kuharibu utando laini unaovizuia visinywee. Baada ya hapo mtoto anakohoa, anapumua mbiombio, mbavu zinabonyea kila anapovuta hewa.

Sasa fikiria jirani anayekuja mbio na kumtia mtoto kidole kooni ili atapike. Mafuta yaliyokwisha kutulia tumboni yanapandishwa tena hadi pale njia ya chakula na ya hewa zinapokutana, na kupewa nafasi ya pili ya kupalia. Maziwa, ambayo kila mtaa unayaamini, hayaui sumu hii. Yanajaza tumbo na kuleta matapishi. Mafuta ya kula ni hivyo hivyo, na maji ya chumvi yana madhara yake mwenyewe. Mvue nguo zilizolowa, msafishe ngozi kwa maji na sabuni, kisha mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Hata akionekana mzima anacheza, daktari atataka kumwangalia kwa saa 6 hivi, kwa kuwa mapafu huweza kuchelewa kulalamika.

Kutapisha ni marufuku pia kwa kostiki ya kutengenezea sabuni, ingawa sababu ni nyingine: iliunguza koo ikishuka, italiunguza tena ikipanda.

Kuandika “SUMU” kwa kalamu kunamsaidia shangazi aliyekuja kutembea, si mtoto. Kuweka juu ya kabati kunasaidia kiasi, mpaka siku atakapogundua stuli. Mimi ningeanza na chombo: kidumu kigumu ambacho hakijawahi kuingia kinywaji, cha rangi ambayo hamtumii kwa maji, chenye kifuniko kinachobana, ndani ya sanduku lenye kufuli. Sabuni ya maji na dawa ya choo za kupimiwa zihifadhiwe vivyo hivyo. Na wewe mwenye duka, mteja akikuletea chupa ya soda umpimie mafuta, mkatalie. Weka vidumu vichache uviuze kwa bei ndogo.