Maikrofoni ya Kupanda Nayo Itombwe

Mwaka 1955 mpasuasanda mmoja jike alipatikana Malenge, katika milima ya Itombwe mashariki mwa Kongo, akaingia katika mkusanyo wa mtaalamu Alexandre Prigogine. Hadi leo ndiye pekee wa aina yake aliyewahi kushikwa mkononi, na sauti yake haijathibitishwa. Bundi wa Itombwe naye alipatikana Muusi mwaka 1951, akaja kukamatwa tena 1996. Ndege wa usiku hutambulika kwa sikio kuliko kwa jicho. Ndiyo maana mtu wa Fizi au Baraka akiniuliza anunue maikrofoni gani, simwoni kuwa anatafuta mchezo. Yuko karibu na msitu ule kuliko wengi wenye vifaa vya maelfu ya dola.

Simu uliyo nayo haigharimu kitu, na kwa kujifunza inatosha. Lakini imeundwa kwa ajili ya mdomo wa mtu ulio karibu, na mara nyingi huchuja kile inachodhani ni kelele. Niliwahi kumrekodi furukombe alfajiri ufukweni Baraka. Sikio langu lilisikia kila mlio wake. Simu ilileta upepo wa ziwa, injini ya boti, na ndege kwa mbali kama aliyefungiwa ndani ya gunia.

Ukitaka kutoa pesa, kabla ya jina la kampuni uliza jambo moja: maikrofoni yenyewe inavuma kiasi gani? Kila maikrofoni ina mvumo wake wa ndani, ule mchakacho unaosikika kama mvua ya mbali, na hupimwa kwa desibeli. Kwa mtangazaji wa redio anayemwekea mgeni maikrofoni mdomoni, desibeli 20 hazimsumbui. Msituni usiku, ndege akiwa mita hamsini, hizo hizo zinammeza. Maikrofoni nyingi za bei nafuu za sherehe na kanisa hazifai kwa kazi hii, hata kama muuzaji anazisifu.

Chaguo langu kwa Fizi ni vidude viwili vidogo vinavyoitwa Clippy, vyenye kapsuli (kijipande kinachodaka sauti) za Primo EM272. Mvumo wake ni desibeli 14 tu, na jozi ni dola mia na kidogo. Unavichomeka kwenye kinasa sauti kama Zoom H1essential, karibu dola 100, kinachotumia betri mbili za AAA na hakikulazimishi kurekebisha kiwango cha sauti gizani. Weka kadi na betri za akiba, jumla haipiti sana dola 250. Vyote vinaingia katika mfuko wa koti, na hilo kwetu ni bei pia: mzigo utaletwa na ndugu anayetoka Nairobi au Marekani, kisha ufike kwa gari kutoka Uvira au kwa boti kutoka Kigoma. Waya ukikatika, fundi wa simu sokoni anaweza kuuchomelea. Mwambie tu asikawishe moto, maana joto huua kapsuli.

Ngazi ya juu ni maikrofoni ndefu inayosikiliza mbele, kama RØDE NTG5: karibu dola 500, mvumo desibeli 10, na imeundwa kustahimili unyevu. Ni nzuri kweli. Ila inahitaji umeme wa volti 48, ambao H1essential haitoi, hivyo utaongeza kinasa kikubwa zaidi, H4essential, karibu dola 200, kinachokula betri. Sahani kubwa ya kukusanya sauti, kama Telinga ya Sweden, inapita dola elfu moja. Inamvuta ndege mdogo mwenye sauti nyembamba kutoka mbali sana, lakini sauti nzito zilizo chini ya hezi 600 hivi hazipati nguvu nyingi kwenye sahani ya sentimita 60, kwa sababu wimbi lake ni refu kuliko sahani yenyewe. Bundi na njiwa wa msituni wengi wako huko chini.

Kuna sababu nyingine ya kubaki na Clippy, nami naiona nzito. Kitu kirefu chenye mpini kama bastola, au sahani iliyoelekezwa kilimani, ukifika nacho kwenye kizuizi cha wanajeshi utaeleza hadi jua lizame. Mjulishe chefu wa kijiji mapema, na ndani ya hifadhi ya Itombwe pata ruhusa ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi.

Kwa ndege wa usiku ningefikiria pia AudioMoth, kinasa kidogo kuliko pakiti ya sigara, ambacho pamoja na kasha na kadi hakifiki dola 150. Kinavuma zaidi ya Clippy, lakini unakifunga mtini, unakipangia saa, unarudi nyumbani. Kumbuka kila unapopunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6 za bure. Kifaa cha bei ndogo kilicho mita kumi kutoka kwa ndege kinakishinda cha bei kubwa kilicho mita themanini.

Kinga ya upepo usiinunue. Tafuta sokoni kwenye mitumba koti la mtoto lenye kofia ya manyoya marefu, kata kipande, shona kifuko, ndani weka sponji laini lenye matundu. Pulizia kwa mdomo huku ukisikiliza kwa hedifoni: mngurumo ukibaki, manyoya ni mafupi. Na ukishuka kutoka baridi ya juu hadi joto la Baraka, usifungue mfuko mpaka vifaa vipate joto, la sivyo maji yatatanda juu ya kapsuli.

Dakika moja kwenye H1essential hula karibu megabaiti 23, kwa hiyo kabla ya kutuma xeno-canto, maktaba huru ya sauti za ndege, kata sehemu safi. Mwisho wa kila rekodi, zungumza mwenyewe: tarehe, saa, mahali, mwinuko, na jina wanalomwita wazee kwa Kibembe.