Oksidi ya grafini, uchafu wake na chanjo ya mwanao

Karibuni mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miezi 18 kwa dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela. Muuguzi alipoandaa sindano, mama akamkumbatia mtoto. "Daktari, mie nimeambiwa humo mna oksidi ya grafini. Ni sumu." Ujumbe ulimfikia kwenye simu, kutoka kwa nduguye aliyeko Maskati.

Sikumcheka. Mzazi anayeuliza anamlinda mwanawe. Nilimwomba tukae, tuzungumze.

Oksidi ya grafini ni nini? Ni kaboni iliyotokana na grafiti, ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli. Njia maarufu ya kuitengeneza ilitangazwa mwaka 1958 na Hummers na Offeman wa Marekani. Grafiti huchanganywa na tindikali ya salfa, ile ya betri za gari, pamoja na pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau tunayooshea vidonda. Hupatikana vipande vyembamba mno, ambavyo wataalamu huvichunguza kwa kuchuja maji, kutengeneza betri na vipimo vya maradhi.

Tatizo ni mabaki. Isipooshwa vyema, hubaki manganizi, chumvi za salfa na potasiamu, na vijipande vya kaboni vyenye asidi. Mabaki hayo hubadilisha tabia yake. Chumvi za potasiamu huifanya ishike moto kwa urahisi zaidi. Madini machache tu huweza kubadilisha inavyofanya kazi kwenye vipimo vya umeme. Sumu za bakteria zikiingia wakati wa kuitengeneza, chembe za kinga za mwili huwaka kama zimeambukizwa, na mtafiti asiye mwangalifu huilaumu grafini.

Sisi wa Pemba hili si geni kwetu. Karafuu zilizochanganyika na makonyo hazipati daraja la zile safi, ingawa zote zimetoka mkarafuu mmoja. Kwa hiyo ukisikia "utafiti umeonyesha grafini inaua chembe hai", uliza: ilikuwa safi kiasi gani? Ilikuwa nyingi kiasi gani? Iliwekwa kwenye chupa ya maabara, au iliingia mwilini mwa mtu?

Hayo hayana maana kwamba haina madhara. Vumbi lake likivutwa mapafuni linatia wasiwasi, na ndiyo maana Aprili 2021 Kanada ilizuia barakoa zenye grafini. Julai mwaka huohuo, baada ya kuzichunguza, iliruhusu baadhi zirudi sokoni. Hivyo ndivyo tahadhari inavyofanywa: kitu husimamishwa, hupimwa, kisha huamuliwa.

Sasa turudi kwenye sindano. Chanjo ya surua na rubela haina oksidi ya grafini. Ina virusi hai vilivyodhoofishwa, viambata vya kuvilinda visiharibike, na maji safi ya kuchanganyia. Ni unga mkavu, na ukishachanganywa huwa hauna rangi au una unjano hafifu. Unayo haki ya kuomba uone kichupa, jina la chanjo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Omba bila woga.

Kinachonitisha mimi ni surua. Mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Huleta nimonia, kuharisha, upofu, na huua. Dozi ya miezi tisa peke yake huacha takriban watoto 15 katika kila 100 bila kinga. Dozi ya pili ndiyo inayoziba pengo hilo.

Baada ya chanjo mtoto anaweza kupata homa au vipele vidogo, mara nyingi kati ya siku ya saba na ya 12. Mnyonyeshe, mpe maji ya kutosha, na umvike nguo nyepesi. Akipata degedege, akipumua kwa shida, akivimba uso au akikataa kunyonya, mkimbize kituo cha afya mara moja.

Yule mama alikishika kichupa, akakigeuza kwenye mwanga, akasoma. Kisha akamfunua mtoto paja. Mtoto alilia kidogo tu. Mama akaomba nimwandikie jina la chanjo kwenye karatasi, ampelekee nduguye Maskati.