Amana Iliyo Kabatini

Katika makabati ya nyumba zetu nyingi za Pwani zimo bahasha za negativu: harusi za mama zetu, waliopigwa picha ndani, mbele ya wanawake wenzao. Tukizipeleka dukani, ajinabi ataziona; tukiziacha, zitaota ukungu kwa unyevu wa bahari. Filamu inukayo siki imekwisha kuanza kuoza, nayo ndiyo ya kutangulizwa.

Skana yenye taa ya filamu ni ghali, na ile ya karatasi haifai, kwani negativu yahitaji mwanga upite ndani yake. Sisi twachagua simu mbili. Ya kwanza ioneshe kioo cheupe kitupu. Juu yake, kwa vibiriti viwili, tuinue plastiki nyeupe ipitishayo mwanga na kulaza filamu. Ya pili ilazwe juu ya rundo la vitabu, kamera ikichungulia ukingoni, ipige picha chumbani gizani. Kisha programu ya picha igeuze rangi.

Lakini kwanza tuzime uhifadhi wa intaneti ujiendeshao, stara isivujie humo. Wala negativu zenyewe tusizitupe: simu hupotea, na asili ndiyo amana.