Mama Anapokwenda Kusoma Granada

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba mama fulani wa mtaani, mwalimu au muuguzi, amepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Zamani tulizoea kumsindikiza mume hadi uwanja wa ndege, kisha tukarudi nyumbani na watoto. Sasa mara nyingine ni mke anayefunga sanduku. Huko Hispania, mwaka 2012 ilianzishwa taasisi iitwayo Fundación Mujeres por África, ambayo imeshirikiana na vyuo vikuu vya nchi hiyo kuwapatia wanawake wa Afrika nafasi za masomo ya juu. Wengine hupitia mipango ya Umoja wa Ulaya.

Barua ikifika, nyumba nzima hufurahi. Usiku, watoto wakishalala, maswali huanza. Nitaishi wapi? Mdogo akiugua nani atakesha naye? Ndoa yetu itastahimili?

Tunaandika kwa ajili ya mama huyo, na kwa mume wake pia. Tumechagua mji mmoja, Granada, ulio kusini mwa Hispania katika jimbo la Andalusia. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1531, na kila mwaka hupokea wageni wengi, hivyo wenyeji wamezoea kumwona mwanafunzi anayetafuta njia akiwa na ramani mkononi.

Kabla ya kuondoka

Masomo yanayozidi miezi mitatu huhitaji viza ya mwanafunzi. Ubalozi hutaka barua ya chuo, bima ya afya, na ushahidi kwamba una fedha za kujikimu. Kiasi hicho hupimwa kwa kiwango cha serikali kiitwacho IPREM, ambacho mwaka 2023 kilifikia euro 600 kwa mwezi. Anayefuatana na mume au watoto hutakiwa kuonyesha zaidi. Vyeti navyo huhitaji kuthibitishwa na kutafsiriwa kwa Kihispania, na kazi hiyo hula wiki nyingi. Anza mapema.

Jambo la pili ni nyumba. Wanafunzi wengi hupanga chumba katika nyumba wanayoishi watu watatu au wanne, wakishirikiana jiko na bafu. Usitume fedha kwa mtu usiyemjua kwa ajili ya chumba ambacho hujakiona. Ni afadhali ulale siku chache katika nyumba ya wageni, ukaone chumba kwa macho, ufungue bomba, uulize umeme hulipwa na nani, ndipo utie sahihi. Sheria ya upangaji ya mwaka 1994 inamtaka mpangaji wa nyumba ya kuishi aweke dhamana ya kodi ya mwezi mmoja. Dai mkataba wa maandishi, kwa maana utauhitaji tena.

Wiki za kwanza

Kazi ya kwanza ukishapata makao ni kwenda ofisi ya manispaa ujiandikishe kuwa mkazi. Daftari hilo huitwa padrón. Chukua pasipoti na ule mkataba. Ya pili ni kitambulisho cha mgeni, TIE, kinachotolewa na polisi wa taifa, na maombi yake hufanywa ndani ya mwezi mmoja tangu kuingia nchini. Ofisi hizo hufanya kazi kwa miadi, na kuipata miadi yenyewe kunaweza kumchosha mtu. Jaribu kila siku, na uombe msaada katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni. Kuuliza si ujinga.

Saa nazo zitakuchanganya. Chakula cha mchana huliwa saa nane au saa tisa, na cha usiku saa tatu au hata saa nne. Maduka madogo hufungwa mchana na kufunguliwa tena yapata saa kumi na moja jioni. Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa, basi nunua mkate na maziwa Jumamosi.

Mama aliyelelewa kwa shikamoo atashangaa zaidi chuoni, ambako wanafunzi wengi humwita profesa kwa jina lake la kwanza. Hakuna aliyekosa adabu. Ndiyo desturi yao. Adabu yao iko kwingine: ukiingia dukani au kwenye lifti, usinyamaze, sema buenos días. Wenyeji hukaribishana kwa kugusana mashavu mara mbili, mwanamke kwa mwanamke, na mwanamke kwa mwanamume pia. Ikiwa hupendi, tangulia kunyosha mkono huku ukitabasamu. Watakuelewa.

Baridi na chakula

Wengi hudhani kusini mwa Hispania ni joto tu. Kiangazi ni kikali kweli, lakini Granada iko kiasi cha mita 700 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada ambayo kilele chake, Mulhacén, kina mita 3,479. Usiku wa Januari maji huweza kuganda. Nyumba nyingi za zamani zina sakafu za mawe zilizojengwa kwa kufukuza joto, na ndani mna baridi kama friji. Wazee wao hukaa kuzunguka meza ya duara yenye kitambaa kizito kinachofika chini, na kifaa cha moto chini yake, miguu yote ikiwa ndani ya kitambaa. Uliza juu ya hita kabla ya kukubali chumba. Na usithubutu kuwasha mkaa chumbani ukiwa umefunga madirisha. Hewa yake huua, huko kama ilivyo kwetu.

Sokoni utapata dengu, maharage, mchicha wa kizungu, samaki na mafuta ya zeituni kwa wingi. Ugali una kazi. Unga wa mahindi unaouzwa na Walatini mara nyingi umekwisha kupikwa kiwandani, hausongeki kama wetu. Tafuta maduka ya Waafrika. Asiyekula nguruwe aulize kila mara, kwa kuwa nyama hiyo hutiwa hata katika supu ya dengu.

Lugha si ngeni sana

Utapewa moyo na jambo moja. Waarabu walitawala Granada hadi mwaka 1492, na ngome yao ya Alhambra ingali juu ya kilima. Waliacha maneno yao katika Kihispania kama walivyoyaacha katika Kiswahili. Sukari kwao ni azúcar, zafarani ni azafrán. Na kwa njia ya Wareno sisi tulipata meza na bendera, ambazo Mhispania huziita mesa na bandera. Hata hivyo jifunze lugha kabla ya safari. Watu wa Andalusia huzungumza haraka, tena humeza herufi ya mwisho, kiasi kwamba aliyefaulu darasani hujiona bubu wiki ya kwanza. Sikio hufunguka polepole.

Waliobaki nyumbani

Hapa ndipo penye uzito. Upweke haumwingii mama siku ya kwanza, maana siku hiyo ana shughuli. Humwingia wiki ya tano au ya sita, anaposikia mtoto wa jirani akilia ukutani.

Kabla ya kuondoka, kaeni mume na mke mkubaliane kwa uwazi: nani atalala na watoto, ada italipwa na nani, posho ya masomo ikibaki itatumwaje. Bibi au shangazi akihamia nyumbani, mumweleze mipaka yake mapema, kwa heshima. Mambo yasiyosemwa ndiyo huvunja nyumba, kuliko hata umbali.

Pangeni saa ya simu. Majira ya baridi Granada iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa mbili, na kiangazi kwa saa moja. Mtoto anayelala saa mbili usiku Dodoma, mama yake yuko saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo iwe ya watoto. Wasikilize habari za shule, usikie sala yao, ndipo urudi vitabuni. Mazungumzo na mume yawe na saa yake, watoto wakiwa wamelala, yasiwe ya fedha tu.

Ukiweza kwenda na watoto, fahamu kwamba elimu ya shule za serikali ni bure, na ni ya lazima kuanzia miaka 6 hadi 16. Katika Andalusia vipindi huisha kwa kawaida saa nane mchana. Pima: nani atawapokea ukiwa maktaba?

Mwisho, mama, usijifungie chumbani. Tafuta kanisa, tafuta Waafrika wenzako, msalimu jirani mzee anayekaa mlangoni. Mpikie chapati siku moja. Siku utakayougua, yeye ndiye atakayegonga mlango.