Jinsi Miamba Inavyokunjika na Kukatika

Mtu asiye na huruma husemwa kuwa ana moyo wa jiwe, maana hatujui kitu kigumu kupita jiwe. Lakini ye yote aliyepita njia iliyochongwa katika milima ya Usambara au Uluguru, akatazama vema ukuta wa mwamba uliokatwa, huona mistari myeupe na myeusi iliyopindapinda kama kitambaa kilichosukumwa juu ya meza. Mwamba ule ulikunjika wala haukuvunjika. Nako kwenye Bonde la Ufa twaona kinyume chake: nchi imekatika wima, upande mmoja juu na upande mmoja chini. Je, imekuwaje jiwe likunjwe huku na kukatika kule?

Chukueni kipande cha nta. Asubuhi penye baridi, mkikipiga kitavunjika. Kishikeni mkononi mpaka kipate moto, kisha kipindeni polepole: kitafuata vidole. Nta ni ile ile. Kilichobadilika ni joto na haraka ya mkono. Na mwamba ndivyo ulivyo, ila joto lake ni kubwa mno na polepole yake haina kifani. Miamba ya Usambara ilikunjwa yapata miaka milioni 600 iliyopita, maili nyingi chini ya nchi, penye joto liwezalo kukifanya chuma kiwe chekundu. Juu yake palikuwa na uzito wa nchi nzima, ukiibana pande zote hata isipate nafasi ya kupasuka. Basi ikajongea kidogo kidogo, ingali ngumu. Baadaye mvua na mito iliondoa yaliyokuwa juu, na leo twakanyaga kilichokuwa kilindini.

Karibu na uso wa nchi mambo ni mengine. Huko miamba ni baridi, nayo hukatika. Bonde la Ufa lilidhaniwa na wengine kuwa limechongwa na mto, lakini J. W. Gregory, mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza aliyesafiri mpaka Baringo mwaka 1893, alionyesha ya kuwa nchi ya katikati imedidimia baina ya nyufa mbili. Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili kwa vitabu vitatu. Visimamisheni pamoja, mvibane kwa viganja, kisha mtanue mikono kidogo: kile cha katikati huteleza chini. Nchi yetu yatanuliwa vivyo hivyo, milimita chache tu kwa mwaka. Ukucha wa mtu hukua upesi kuliko hivyo! Hata hivyo miaka ni mingi, na mtelemko umekuwa mrefu. Ziwa Tanganyika, lililo ndani ya ufa kama huo, lina kina cha futi 4,800 hivi.

Mdidimio huo hauendi sawasawa kila siku, na hapa ndipo penye hatari. Hadithi za kale zilitaja ng'ombe achukuaye dunia juu ya pembe zake, akitikisa kichwa nchi hutetemeka. Sisi twaona afadhali mfano wa upinde. Mwamba baridi hupindika kidogo kabla ya kukatika, ukiweka nguvu ndani yake kwa miaka mingi. Siku nguvu ikizidi, hukatika au huteleza penye ufa wa zamani, na pande zote mbili hurudi kwa kishindo. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928 ndivyo ilivyokuwa Subukia, kaskazini ya Nakuru. Nchi ilipasuka kwa maili 20 na zaidi, na mahali pengine upande mmoja ulishuka futi 8 hivi.

Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa zamu ya Kagera. Tetemeko lile lilikuwa dogo kuliko la Subukia, lakini zaidi ya watu 15 walikufa, na maelfu ya nyumba zikabomoka. Waliouawa hawakumezwa na nchi, kama wengi waogopavyo. Aghalabu mwuaji ni ukuta. Ukuta wa matofali yasiyofungwa kwa nondo wala boriti ni kama ile nta ya asubuhi: haujui kupinda. Nyumba nyepesi ya miti iliyofungwa vema kwa kamba huyumba kisha husimama. Twawasihi wajengao chini ya magenge ya Bonde la Ufa walifikiri hilo kabla ya kununua matofali.

Nyufa hizo hizo ndizo njia za maji. Mvua hupenya ndani yake, hushuka mpaka penye miamba ya moto, kisha hurudi juu ikitokota, kama ionekanavyo kando ya Ziwa Bogoria. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, watu wamechimba visima wakaufuata mvuke chini, na tangu 1981 mvuke huo huzungusha mitambo ya umeme.